Barua ya Kuomba Radhi kwa Kusema Sijui

Daftari hili ni la vipimo. Kurasa za mbele zimejaa mabega, vifua na urefu wa mikono ya watoto wa watu. Nyuma ndiko ninakoandika mambo yangu, nikiwa nimeligeuza juu chini ili yasichanganyike na kazi. Habari ya binti huyu nimeianza mara tatu, na mara tatu nimechana. Mara ya kwanza nilimtukana mwalimu. Ya pili nikamtukana baba. Ya tatu nikajitukana mwenyewe mpaka nikaanza kujionea huruma, na hiyo ndiyo iliyonikera kuliko zote. Leo najaribu kumwandika kila mtu na haki yake. Hasira haijapungua, hilo niseme mapema.

Mimi ni mfumaji wa masweta ya shule, Mlandege, Iringa. Nina mashine mbili za mkono, na moja ndiyo nzima. Baridi ya huku hakuna asiyeijua, kwa hiyo kazi haikosekani. Kuna shule moja ya binafsi ambayo masweta yake nayafuma mimi peke yangu kwa miaka mingi sasa, ya kijani yenye mstari mweupe shingoni. Jina la shule nitalibakiza moyoni. Binti alikuwa anasoma hapo, kidato cha pili.

Baba yake anaziba matairi ya malori kule Ipogolo, barabarani. Alimleta mwezi wa pili, akaweka sweta juu ya meza yangu akasema, "Dada, nyumbani kwangu kuna panya wa miaka kumi na tano." Nikacheka kabla sijaangalia. Mikono yote miwili ya sweta ilikuwa imetafunwa, upana wa vidole vinne kutoka ukingoni. Haikuchakaa, ilitafunwa kwa meno, nyuzi zimeshikamana kama kitu kilicholoweshwa kikakaushwa mara nyingi. Binti alisimama nyuma ya baba yake anaangalia sakafu, na mimi nilikuwa nimeshacheka. Nikafumua, nikafuma mikono mipya.

Haikupita hata miezi miwili akarudi, safari hii peke yake. Imetafunwa tena. Nikamwambia akae nimtengenezee aondoke nayo. Nikamuuliza, unaitafuna saa ngapi hii? Sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba nilisimamisha mashine ili nisikie. Kipindi cha hesabu, alisema. Mwalimu akianza kupita kati ya madawati.

Alikuwa anakwenda tuisheni tayari. Baba alimpeleka kwa mwalimu mmoja maarufu anayefundishia ukumbini, watoto wamejaa mpaka madirishani. Mwalimu yule ni hodari na wapo wengi waliofaulu mikononi mwake, siwezi kumsema vibaya kwa kitu nisichokiona. Ila kila siku kabla ya somo anawasimamisha wote wapige kelele, "Mimi ni kichwa, mimi ni kichwa," mara tatu, eti wapate kujiamini. Binti alikuwa anapiga kelele na wenzake, halafu anakaa, ubao unaandikwa, unafutwa, naye hajaelewa. Nilimuuliza anajisikiaje akisema vile. Akasema, "Najisikia nimedanganya mbele za watu." Kwa wengine labda zile kelele zilifungua kitu. Yeye zilimfunga zaidi.

Siku ile alikuwa na picha ya moyo kwenye daftari la baiolojia. Nikamuuliza hivi vipande vya katikati ni nini, maana kweli sikujua. Akasema ni vijimlango, damu ikipita vinajifunga isirudi. Nikauliza, na kimoja kikilegea? Nilikuwa nauliza tu kwa kutaka kujua, mama yangu mzazi aliambiwa ana moyo mkubwa na hakuna aliyetueleza maana yake. Mkono wa binti ukapanda mdomoni, na sweta alikuwa hajalivaa, akawa anatafuna ngozi ya kidole.

Nikasogeza kiti. Nikamwonyesha mashine. Nikamwambia, ona, hapa kitanzi kimoja kikiponyoka na ukanyamaza, ukaendelea kufuma ili nisikuone, kitashuka mstari baada ya mstari mpaka kiunoni, na sweta zima litafumuliwa. Ukisema palepale, nakivuta kwa sindano, tunaendelea. Kwa hiyo dukani kwangu kutokujua si kosa, kosa ni kuficha. Sema sijui, kwa sauti, kichwa juu. Kisha sema kile unachokijua, hata kiwe kidogo. Kisha uliza.

Hiyo ndiyo elimu yote niliyompa. Naiandika jinsi ilivyo kwa sababu baadaye ilisemwa vingine.

Akaanza kuja baada ya shule, siku nne kwa wiki. Anasoma kitabu kwa Kiingereza, ananieleza kwa Kiswahili, mimi nafuma na kuuliza maswali ya mtu asiyejua, kisha anarudia kwa Kiingereza taratibu, maana mtihani wao ni wa Kiingereza. Akikwama anasema sijui, anaandika swali pembeni, kesho yake anamuuliza mwalimu shuleni. Nilimfuata baba nikamwambia wazi, kaka, mimi si mwalimu, mimi kidato cha pili chenyewe sikukivuka. Baba alikuwa amepiga goti kwenye tairi, akajibu bila kuinuka. "Dada, amekaa na walimu miaka yote. Acha akae na mtu."

Nilifurahi sana kwa neno lile. Nadhani nilifurahi kupita kiasi.

Maana mimi nilisoma Mbeya, sekondari ya kutwa, na kwa miaka miwili sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Ubao ulipoandikwa nilinakili mpaka nukta, madaftari yangu walikuja kuazima hata wanaojua, na ndani yake mimi sikuelewa kitu. Mwalimu akiuliza "Mmeelewa?" nilikuwa naitikia kwa sauti kuliko wote. Matokeo yalipotoka yalisomwa mstarini, jina moja moja, waliovuka wakienda kulia. Sisi tuliobaki kushoto tulikuwa wachache, na mama mmoja aliyekuja kuuza maandazi getini aliniangalia akasema, mwanangu, na wewe mbona ulikuwa unajua? Sikumchukia. Nilikuwa nimemdanganya hata yeye.

Kwa hiyo nilipoona binti anainua kichwa niliona kama nalipwa. Mwezi wa tano alikuja anakimbia, begi linaruka. Alikuwa amenyoosha mkono kwenye hesabu. Mwalimu wa hesabu ni dada mdogo, ndiyo kwanza ametoka chuo. Binti alisimama akamwambia, hapa mstari wa tatu sijui umetokea wapi, wa kwanza na wa pili naijua. Darasa lilianza kucheka. Mwalimu akawauliza wanaocheka, basi aje mmoja aeleze mstari wa tatu. Hakuna aliyekwenda. Akaufundisha upya wote. Binti alinisimulia mara mbili, ya pili akiwa amesimama, ananionyesha jinsi alivyosimama.

Sasa niseme na upande mwingine. Alama zake za baiolojia, uraia na Kiswahili zilipanda vizuri. Hesabu na fizikia zilisogea, lakini kidogo sana, zilikuwa bado mbaya. Mimi sikuwa na uwezo wa kumfundisha hesabu, na kujiamini hakujumlishi namba. Kuna siku nilijiuliza kama nimwambie baba amtafutie mtu anayejua. Nilijiuliza nikanyamaza. Nilipenda anavyokuja.

Mwezi wa sita shule ikafanya mchujo. Sikuwa nalijua neno hili kwa maana yake ya shule. Ni kwamba wanapopokea mtoto mzazi anatia sahihi karatasi, mtoto asipofikisha wastani fulani kabla ya kusajiliwa mtihani wa taifa, atarudishwa darasa la nyuma au atahama. Baba alitia sahihi. Anasema aliisoma. Walioko chini kabisa waliambiwa moja kwa moja, na walioko mpakani, kama binti, wakaitwa na wazazi kuhojiwa mbele ya walimu watatu ili iamuliwe.

Mama yake binti yuko Mbeya, anauza viazi Uyole na anamtunza bibi. Baba akaja kwangu siku moja kabla. Alisema yeye akiingia ofisi ya walimu ulimi unamkauka, twende wote, atasema mimi ni shangazi. Binti alikuwa ananiita hivyo tangu mwanzo, kwa hiyo haukuwa uongo mzima. Lakini ulikuwa uongo, nami nilikubali.

Tulikaa kwenye benchi, binti akasimama katikati. Mwalimu wa taaluma alikuwa na faili la binti mbele yake, safi, amepigia mistari kwa rula. Mwalimu wa hesabu alikaa upande mmoja, mzee mmoja wa historia upande mwingine. Yule wa taaluma alianza kwa upole. Akauliza swali la fizikia kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kushika neno moja moja, binti ndiye aliyenieleza baadaye kwamba swali lilikuwa hivi: kwa nini hakuna mashine inayotoa kazi yote uliyoiingiza?

Binti akainua kichwa. Akasema kwa sauti ya kutosha, kwa Kiingereza chake, kwamba hajui. Kisha akasema, lakini najua kwamba mashine ya kufuma ikikosa mafuta...

Hapo mwalimu aliinua mkono. Akageuka kwa wenzake, akahamia Kiswahili ili na sisi tusikie. "Huyu anasema hajui kama anasoma risala."

Mzee wa historia akacheka. Mwalimu wa hesabu hakucheka.

"Binti," mwalimu wa taaluma akasema, "nani kakufundisha kujivunia ujinga?"

Binti hakunitazama. Nataka hilo liandikwe. Angeweza kugeuza shingo tu, na hakugeuza. Alikaa kimya, macho kwenye meza, akinilinda mimi mtu mzima niliyekaa hatua mbili kutoka kwake na mdomo wangu mzima. Nilikuwa najua jibu la swali lile. Ndilo swali pekee mle ndani nililokuwa na jibu lake. Na nilinyamaza, kwa sababu mwalimu yuleyule ndiye anayepeleka mapendekezo nani afume masweta ya muhula unaofuata, na mazungumzo yalikuwa yameshaanza. Nimejitafutia sababu nyingine tangu siku ile, kwamba niliheshimu ofisi, kwamba nilingoja baba aseme. Zote si kweli.

Baba ndiye aliyesema. Ulimi ulikuwa umemkauka kweli, alikohoa kwanza. "Anasaidiwa masomo na huyu shangazi yake."

Mwalimu akaniangalia vizuri. "Kumbe mama wa masweta ni shangazi." Akatabasamu. "Mama, wewe ulifika darasa la ngapi?"

"Kidato cha pili. Sikuvuka."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa dharau, naapa, kama daktari aliyepata chanzo cha ugonjwa. "Mama, masweta yako ni mazuri, hapa hakuna anayebisha. Lakini hili tuachie sisi."

Nikasema, "Sawa, mwalimu."

Ukiacha jibu la darasa, ndiyo yote niliyosema siku ile. Maneno mawili.

Wakatupa uamuzi palepale. Arudi kidato cha kwanza, au achukue uhamisho. Na kama anabaki, aandike barua ya kuomba radhi kwa majibu ya kiburi mbele ya kikao, mzazi aweke sahihi, ifike kabla ya Ijumaa.

Nimemfikiria sana mwalimu yule, na najitahidi nisimfanye shetani. Wanaomjua wanasema mtoto wa bweni akiugua yeye ndiye anayempeleka hospitali. Mwalimu wa taaluma aliyemtangulia aliondolewa wastani wa shule uliposhuka, na huyu ana watoto wake anaowasomesha. Alisema pia neno ambalo siwezi kulipinga, kwamba kumsukuma mbele mtoto ambaye msingi wake haujakaa si kumpenda. Hesabu za binti zilikuwa mbaya, nimeshaandika. Lakini kuna kitu sikimezi. Hakuulizwa kwa sababu ya msingi wake. Aliulizwa kwa sababu jina lake lingeivuta shule chini kwenye orodha. Wastani ni wa shule, mtihani ni wa mtoto, na hawa wamechukua cha mtoto kulinda cha kwao, kisha wakamdai aombe radhi. Wanabandika ukutani getini kwamba wanajenga vijana wanaojiamini. Maandishi makubwa, nimeyasoma nikitoka.

Na jambo la mafuta. Nilikwenda kutafuta kwenye kitabu chake, nikisoma kwa kidole na kamusi. Kazi nyingine inaliwa na msuguano. Vyuma vinasuguana, vinapata joto, ndiyo maana unatia mafuta. Tulikuwa tumeliongea hilo hapa dukani, mashine yangu mbovu ilipokuwa inakaza na mimi nalaani. Binti alikuwa anaelekea kwenye jibu. Simhakikishii mtu kwamba angefika, huenda angepotelea njiani. Lakini alikuwa ameshika njia, na hakuachiwa amalize sentensi.

Jumatano baba akaja na binti na karatasi ya mistari aliyonunua. Aliifuta meza yangu kwa mkono wa shati, akaiweka. "Msaidie aandike, dada. Wewe una mwandiko."

Binti akakaa. Akaandika anuani ya shule, tarehe, kichwa cha barua akakipigia mstari. Akaandika, "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kalamu ikasimama. Nje palikuwa na mtu anagonga bati, tukawa tunamsikiliza yeye.

"Shangazi," binti akasema, "kosa niliite nini?"

Hakuuliza kwa ukaidi. Alikuwa kweli anatafuta neno. Alifikiri mimi ninalo.

Nikasema, "Usiandike."

Baba akainua uso. Nikaendelea, maana nilijua nikisimama sitaweza tena. Nikasema mtoto hajamkosea mtu. Aliulizwa, akajibu ukweli, akakatizwa. Nikasema akiandika radhi hii atarudi kidato cha kwanza akiwa amejifunza kunyamaza, na mimi najua kunyamaza kunamfikisha mtu wapi, nilisoma nako Mbeya miaka miwili. Sauti ilikuwa imepanda. Baba ni Mhehe, hapendi kelele, alingoja mpaka nikaishiwa pumzi.

"Wewe ulikaa kimya mle ndani," akasema. "Leo ndiyo una mdomo?"



"Mimi naziba matairi ili avae lile sweta lako la kijani," akaendelea, polepole vilevile. "Ulimfundisha asiogope. Sawa. Mimi nilitaka afaulu. Nilifikiri ni kitu kimoja, kumbe ulikuwa unafundisha kimoja tu."

Nilikasirika sana kwa sababu alikuwa na haki. Kama angesema uongo ningemjibu. Nilitaka kumwambia kwamba hata walimu wale, na vyeti vyao vyote, hawakumfundisha hata hicho kimoja. Ningesema hivyo mbele ya mtoto, na mtoto alikuwa anatusikiliza watu wazima wawili tunamgombania kama kitambaa. Nikaing'ata midomo.

Binti akafunga kalamu kwa kifuniko chake. Akaikunja karatasi mara mbili, akaipeleka kwa baba, akampa kwa mikono miwili.

"Baba, samahani. Sijui kosa langu, kwa hiyo siwezi kuliandika. Najua kwamba nataka kufanya mtihani mwaka huu. Naomba unipeleke kwa mama, huko kuna shule ya kata."

Baba alimtazama. Nilidhani atampiga, naomba anisamehe, maana hakuwa mtu wa kupiga. Alisema tu kwamba shule ya kata ya kule watoto wamejaa mpaka walimu hawawajui majina. Binti akasema, "Nitawaambia jina langu." Baba akaiweka karatasi mfukoni, akatoka, na binti akatoka nyuma yake. Hakuniaga, au aliniaga sikusikia.

Alhamisi nilifunga duka saa nne asubuhi, nikaenda shule. Sikumwambia mtu. Mwalimu wa taaluma alinipokea, akanipa kiti. Nikamwambia kwamba swali lake la siku ile, nani kamfundisha, jibu lake ni mimi, na kwamba nilipaswa kulisema palepale. Nikamweleza habari ya kitanzi, habari ya mafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, tofauti na alivyomsikiliza mtoto. Akasema ananielewa. Akasema, mama, kama kila mzazi angekuwa na moyo wako. Akasema uamuzi ni wa kikao, si wake, na barua haijafika.

Nikamuuliza, je, mwalimu, ile sentensi ya mafuta angemaliza, ungempa alama? Akafikiri. Kwa haki yake, alifikiri kweli. Akasema, "Labda nusu." Halafu akasema, "Lakini hakumaliza."

Nilitembea mpaka Mlandege kwa miguu. Siikumbuki njia.

Jumatatu iliyofuata binti akapanda basi la Mbeya. Mama yake alihangaika ofisi hadi ofisi, uhamisho ukakubaliwa siku chache kabla usajili haujafungwa. Amesajiliwa. Alinipigia kwa simu ya mama yake kuniambia namba yake ya mtihani, akaitaja tarakimu moja moja kama vile na mimi nitaulizwa. Darasani wako zaidi ya mia, alisema, anakaa watatu dawati moja. Hesabu hawana mwalimu tangu Julai, anasoma na msichana mmoja wa Kisafwa anayezijua, yeye anamlipa kwa kumweleza baiolojia. Nikamuuliza kama anauliza maswali. Akasema mwalimu akiulizwa husema tutarudi hapo, na bado hawajarudi. Hakulalamika. Aliuliza habari ya vile vijimlango vya moyo, mama yangu aliambiwaje hasa hospitali, maana sasa alikuwa amesoma mbele kidogo.

Mtihani ni mwezi ujao. Huenda akafeli. Akifeli, baba yake atakuwa na haki ya kuja kunisimamia mlangoni, na sitamfungia. Akifaulu, haitakuwa kwa sababu yangu peke yangu, na ile shule itaendelea kubandika maandishi yake ukutani vilevile. Nimejaribu kutafuta mahali ambapo hasira hii ingekaa vizuri, nimweke mtu mmoja aibebe. Kila ninayemwekea ana sehemu ambayo si yake.

Oda ya masweta niliipata. Nilifikiria kuikataa, siku mbili nilifikiria. Kisha nikafuma, kwa sababu Julai ilikuwa na baridi kali na watoto hawana kosa, na kwa sababu ni kazi yangu, niseme na hilo. Wiki iliyopita nikapeleka mzigo wa mwisho. Tulikuwa tunauteremsha mbele ya stoo, wanafunzi wako mapumziko wamejaa uwanjani, mwalimu wa taaluma akaja anatembea haraka, uso mkunjufu. Mimi ni mkubwa kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Akainamisha kichwa vizuri, jinsi alivyolelewa.

"Shikamoo, mama."

Katika maisha yangu sijawahi kumnyima mtu marahaba, hata walevi. Watoto walikuwa wanaangalia. Nikanyanyua robota jingine, nikaliweka juu ya wenzake, nikalinyoosha kona. Yeye alibaki amesimama pale, kichwa bado kimeinama kidogo, anangoja.